Kijana wa Alton na Chombo cha Siri

Kusini mwa Uingereza, huko Hampshire, kuna mji mdogo uitwao Alton. Zaidi ya miaka 250 iliyopita aliishi hapo kijana mmoja, James Baverstock, mtoto wa mpika bia. Mwaka 1768 alijipatia haidromita, chombo cha kupimia uzito wa vimiminika, kazi ya fundi Benjamin Martin wa London. Baba yake hakutaka hata kukiona. Basi James akawa anakitumia kwa kificho.

Mtaniuliza, wanangu, mzee alichukia nini? Wapika bia wa siku zile walitegemea ulimi na mazoea. Mtu aliyeheshimiwa miaka yote kwa ulimi wake hafurahi kusahihishwa na kijiti kinachoelea.

Lakini ulimi hudanganya, na hapa ndipo penye kisa. Bia huanza kama maji matamu tu. Shayiri hulowekwa ikachipua, kisha hukaushwa: hicho ndicho kimea. Kikisagwa na kutiwa maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari. Maji hayo huchemshwa, yakipoa hutiwa hamira, nayo hula sukari na kuacha kileo. Sukari ikiwa nyingi, bia huwa kali. Ikiwa chache, huwa nyepesi. Na kimea cha mwaka huu hakitoi sukari sawasawa na cha mwaka jana, hata ukipima kwa kipimo kilekile.

Haidromita huelea wima. Kwenye maji matupu huzama hadi alama ya 1.000, maana lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja. Maji yenye sukari ni mazito zaidi, kwa hiyo hukibeba chombo juu. Kikisoma 1.060, lita moja ina uzito wa karibu gramu 1,060. Wapika bia wa leo huiacha ile 1 ya mbele na kusema tu: pointi 60. (Pimeni yakiwa yamepoa. Maji ya moto hutanuka, na chombo kitasoma pungufu.)

Sasa twende kwenye hesabu, ambayo ndiyo tamu kuliko yote. Tuseme mpishi ana lita 20 zenye pointi 60, naye alitaka pointi 50. Azidishe 20 kwa 60, apate 1,200. Hiyo ndiyo sukari yote iliyomo chunguni. Akiongeza maji, sukari haiongezeki wala haipungui, inatawanyika tu. Basi agawe 1,200 kwa 50: lita 24. Anaongeza lita 4 za maji, kazi imekwisha.

Na kama maji ni mepesi mno? Lita 25 zenye pointi 40 ni 1,000. Akitaka pointi 50, agawe: lita 20. Achemshe mpaka lita 5 ziondoke kwa mvuke. Mvuke hauchukui sukari, huchukua maji peke yake. Ukilishika hilo, huna haja ya kukariri kanuni yoyote.

Inasimuliwa kwamba James alikipeleka chombo chake kwa Samuel Whitbread, mmoja wa wapika bia wakubwa wa London, akaambiwa arudi nyumbani akafanye kazi, aachane na ndoto. Henry Thrale, mwenye kiwanda huko Southwark, ndiye aliyemsikiliza. Mwaka 1784 John Richardson wa Hull alichapisha kitabu kuhusu kipimo hiki, na mwaka uliofuata James naye akachapisha chake. Mwishowe hata serikali ilikiamini: mwaka 1880 Uingereza iliacha kutoza kodi kimea, ikaanza kutoza kwa uzito wa yale maji matamu, kiwango kikiwa 1.057.

Bia ni ya wakubwa, lakini hesabu hii ni ya kila mtu. Chukueni mrija wa soda, uzibeni chini kwa nta, tieni ndani misumari midogo mpaka uelee wima katika maji, kisha wekeni alama pale maji yanapofika. Yeyusheni gramu 100 za sukari, ongezeni maji mpaka itimie lita moja, mtumbukize mrija. Hapo ni karibu pointi 38. Ikiwa ulikuwa umezama sentimita 12, alama itapanda juu ya maji kwa milimita 4 hivi. Kisha ongezeni lita nyingine ya maji. Kabla ya kuutumbukiza tena, kila mmoja aandike pointi anazozitarajia. Aliyeandika 19 amepata.