Gari la Fowili Nalo Lina Mwisho Wake

Ndugu madereva,

Sisi tunaoendesha magari ya fowili huku Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, tunasikia neno hili kila masika: "Pita tu, hii ni fowili." Anayelisema amekaa kiti cha kushoto. Gari likizama, anayeulizwa ni aliyeshika usukani.

Basi tuelezane. Fowili ni gari ambalo nguvu ya injini hufika magurudumu yote manne badala ya mawili. Ni hilo tu. Breki zake ni kama za gari lolote. Kwenye utelezi halisimami upesi kuliko mengine. Na kwa kuwa limeinuka juu, hupinduka kwa urahisi likikatisha mteremko kiubavu.

Jambo la pili ni difu. Difu hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na kizuizi. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiwa kwenye matope laini, hayo mawili huzunguka bure, na yale yaliyo pakavu hukaa kimya. Ndiyo maana fowili isiyo na loki ya difu hukwama watu wakishangaa. Ukizidi kukanyaga mafuta unachimba shimo tu.

Udongo wetu mweusi ukilowa hujaza meno ya tairi mpaka tairi likawa kama ndizi iliyomenywa. Hapo dawa ni kungoja jua.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi, tia gia nzito kabla ya kuingia, wala usisimame katikati. Ukitoka, jaza upepo tena kabla ya kwenda kasi. Kwenye mteremko mkali, shuka na gia ya kwanza nzito, mguu mbali na klachi. Unapovuta gari lililokwama, usifunge mnyororo kwenye kichwa cha kukokotea trela; kikikatika huruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali.

Sasa mto. Hapa ndipo watu wanapokufa. Mito yetu ya mchanga hukaa mikavu siku nyingi, lakini mvua ikinyesha Mlima Moroto maji huja ghafla, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Simama utazame. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 hivi yanaweza kulichukua gari, liwe fowili au lisiwe, kwa sababu yakifika kwenye bodi gari huanza kuelea na tairi hazikamati tena. Na maji yakiingia injini kwa njia ya hewa, injini huvunjika, maana maji hayashindiliki kama hewa.

Mwenzetu mmoja aliamriwa avuke mto wa namna hiyo, abiria akiwahi mkutano. Alisema maji yanapanda. Akaambiwa kama anaogopa atafutwe dereva mwingine. Wote walitoka hai kwa kushika matawi ya mti. Gari lilipatikana chini kabisa limejaa mchanga, na mwenzetu akakatwa mshahara miezi mingi kwa "uzembe". Aliyeamuru hakuulizwa hata neno moja.

Ndugu, tusidanganyane kwamba kukataa ni rahisi kwa mtu mwenye watoto. Lakini tujue kuwa Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unasema hivi: mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Si nchi zote zilizouridhia, lakini ni hoja ya kuweka mezani tunapojadiliana na waajiri.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, kila mapatano ya kazi yaandikwe kwamba njiani neno la mwisho juu ya kupita au kutopita ni la dereva. Pili, dereva asilipishwe gari aliloamriwa kuliingiza hatarini.

Nawe dereva, ukiamriwa hivyo, andika kwenye kitabu cha safari saa, mahali, na nani aliyeamuru. Maneno ya mdomo hupotea na maji. Kitabu tutakileta mbele ya mwajiri.