Chakula cha ndege na ugonjwa wa koo

Je, ni vibaya kuwapa ndege wa porini chakula? Katika Uingereza watu wengi hutundika mbegu bustanini wakati wa baridi, kwa maana wanawahurumia ndege. Mbegu hazina kosa. Lakini ndege wengi hula katika chombo kimoja, na hapo ndipo ugonjwa hupita.

Mwaka 2005 ndege wadogo wa kijani walianza kufa huko. Kidudu ambacho njiwa wanacho tangu zamani kiliwaingia kooni. Koo likivimba, ndege hawezi kumeza. Hutema mbegu yenye mate, na mwenzake huiokota. Walikuwa karibu 4,300,000. Kufika mwaka 2009 walibaki karibu 2,800,000. Kidudu hiki hakishiki watu. (Hata hivyo nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu ya mavi.)

Wewe unayefuga njiwa, tazama bakuli lao. Maji ya jana yamwage. Sugua bakuli, ulikaushe juani, kwa maana kidudu hiki hufa mahali pakavu. Njiwa aliyejikunyata na kushindwa kumeza, mtenge leo. Kama ni ndege wa porini, acha kwanza kuwawekea chakula, wapate kutawanyika.