Vizuia Sauti vya Gari: Neno Moja kwa Vitu Vitatu

Mfasiri wa kitabu cha ufundi wa magari akutanapo na vitu vinavyobandikwa ndani ya gari ili kupunguza makelele, huweza kuridhika kuviita vyote "vizuia sauti". Sisi tunaona kuwa neno hilo halitoshi. Tumechagua gari la mbio kuwa mfano wetu, kwa kuwa humo vitu hivyo hung'olewa kwa makusudi, na anayeng'oa hana budi kujua ang'oacho.

Porsche 911 Carrera RS 2.7 ilionyeshwa Paris mwezi Oktoba 1972. Namna yake ya starehe ilikuwa na kilogramu 1,075. Namna nyingine ilivuliwa viti vya nyuma, saa, mazulia mazito na vitu vya kupunguza makelele, ikatengenezwa kwa mabati na vioo vyembamba, ikawa na kilogramu 960. Injini ilikuwa ile ile ya nguvu za farasi 210. (Kwa hakika kilogramu ni kipimo cha tungamo, si cha uzito, lakini hatutazamii fundi aache kusema uzito.) Kani isipobadilika na tungamo likapungua, mchapuko huongezeka, breki nazo hupunguziwa kazi.

Sasa tutazame vitu vyenyewe. Kwanza kuna vipande vya lami vilivyogandishwa juu ya bati la sakafu na la milango. Hivi havizuii sauti kupita. Kazi yake ni kutuliza mtetemo wa bati lenyewe, kwa kuugeuza kuwa joto kidogo ndani ya lami. Wahenga walikwisha kutupa kitenzi walipotwambia kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Nasi twapendekeza kizimamvumo. Pili kuna manyoya yaliyoshindiliwa na sponji, ambamo sauti huingia katika vitundu vidogo ikafifia: hicho ni kifyonzasauti. Tatu kuna tabaka zito la mpira au plastiki linalotenga injini na abiria. Hili ndilo linalozuia kweli, nalo huzuia kwa tungamo lake: likizidishwa maradufu, sauti ipitayo hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa kuwa kihami ni neno lililokwisha zoeleka katika umeme, kihamisauti litafaa hapa.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Fundi aambiwaye "ondoa vizuia sauti" aweza kubandua sponji nyepesi akadhani amemaliza, hali lami nzito imebaki sakafuni. Au aweza kuondoa lile tabaka lililo karibu na injini, ambalo mara nyingi huzuia na joto pia, akamwacha dereva aungue miguu.

Neno jingine linalotutia wasiwasi ni barafu kavu, ambayo hutumika kubandulia lami. Baridi yake hufikia nyuzi 78 chini ya sifuri; ikilazwa juu ya lami, lami hukakamaa, na nyundo ndogo hutosha kuivunja vipande vipande. Lakini jina "barafu" humfanya msomaji afikiri juu ya maji. Hiyo si maji, bali ni kaboni dayoksaidi iliyoganda, nayo haiyeyuki bali hugeuka gesi moja kwa moja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama ndani ya gari, na aliyeinama sakafuni huku milango imefungwa aweza kukosa pumzi akafa. Mikono mitupu nayo huunguzwa na baridi hiyo. Jina limekwisha enea, wala hatudhani kuwa laweza kung'olewa. Ila twashauri kila fasili ya barafu kavu itaje gesi katika sentensi yake ya kwanza.

Kuhusu kizimamvumo, baadhi yetu wangependelea kizimamtetemo, kwa hoja kwamba mtetemo ndio istilahi ya fizikia. Hoja hiyo ina nguvu, na tungependa kusikia rai za mafundi kabla ya neno kusanifishwa.