JINO LENYE TUNDU LAWEZA KUZIBWA

Wananchi wengi hufika zahanati wameshika shavu. Husema neno moja tu: "Ng'oa." Je, ni lazima jino ling'olewe kila linapotoboka? La, si lazima. Jino likiwahiwa laweza kuzibwa, nalo likaendelea kutafuna kwa miaka. Likiwa ni jino la mbele, mwenyewe hucheka tena bila kufunika mdomo kwa kiganja. Lakini jino la mtu mzima likishang'olewa, halioti tena.

Jino hutobokaje? Mdomoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari tunayokula sisi: ya chai, ya soda, ya pipi. Vikishakula hutoa uchachu mkali. Uchachu huo hula jino polepole. Mtu anayeonja sukari mara kwa mara kutwa nzima huwa katika hatari kubwa zaidi. Kwanza huonekana doa jeupe kama chokaa, au la kahawia. Kisha huja tundu.

Tundu changa haliumi. Hapo ndipo watu hudanganyika. Baadaye maji baridi hulishtua jino. Huku Mufindi na Uporoto maji ya asubuhi ni baridi kweli, kwa hiyo mtu hudhani ni kawaida. Sivyo. Kama ni jino lile lile kila siku, na maumivu hukoma mara tu umezapo maji, chukua kioo ulitazame. Huo ndio wakati wa kuziba.

Ukingoja mpaka jino lipwite usiku, au ufizi utoe usaha, ujue tundu limefika ndani kwenye mshipa wa fahamu. Hapo kuziba juu juu hakufai. Daktari wa meno aweza kusafisha mzizi na kuuziba, lakini ni kazi ndefu yenye gharama. Vinginevyo jino hung'olewa. Na uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo waweza kuua.

KUZIBA BILA MASHINE

Wengine huogopa kelele za mashine ya kutoboa meno. Ipo njia isiyohitaji mashine wala umeme. Tena ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Jo Frencken kutoka Uholanzi, walitafuta namna ya kuwatibu watu wa mahali pasipo umeme. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mengine.

Tabibu wa meno hutumia kijiko cha chuma ambacho kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya mtama. Hukwangua sehemu iliyooza na kulainika. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kisha huchanganya unga wa kioo na maji ya dawa. Usitishike kusikia kioo. Unga huo umesagwa ukawa laini sana. Huwa kama uji mzito, naye huujaza tunduni. Hupaka mafuta kidogo kwenye kidole chenye glavu na kuikandamiza dawa. Dawa hukauka kama saruji na kushikana na jino, na rangi yake hukaribia ile ya jino. Ukitoka hapo usile kitu kwa muda wa saa moja.

JINO LILILOVUNJIKA

Meno mengine huvunjika kwa kuanguka na baiskeli, au kwa kufungua chupa za soda kwa meno. Kiokote kipande, uende nacho. Hospitali zenye vifaa huweza kukirudisha, au kujenga jino upya kwa dawa nyeupe inayogandishwa kwa taa.

Jino la mtu mzima likichomoka zima, usilitupe! Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Usilisugue. Kama lina udongo, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi. Lirudishe penye pengo, uma kitambaa safi, uende hospitali mara moja. Ukishindwa kulirudisha, litie katika maziwa ya ng'ombe yasiyo moto. Mtindi haufai. Kila dakika ina thamani. Likikaa nje kavu zaidi ya saa moja, tumaini ni dogo. Jino la utoto lisirudishwe, maana laweza kuharibu lile linaloota chini yake.

Maji ya betri, petroli na tumbaku visitiwe kabisa katika tundu la jino. Huunguza kinywa. Wala usisugue meno kwa mchanga au mkaa ili yang'ae. Vitu hivyo husaga ganda gumu la jino, na ganda hilo halioti tena.

Kabla ya kusafiri, uliza zahanati yako ni siku gani tabibu wa meno yupo kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukifika mbele yake, mwambie mapema kwamba unataka kuziba, kabla hajashika koleo.