Taswira Nyembamba: Nafasi ya Diski katika Seva za Hospitali za Kagera

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa na wanafunzi kupelekwa kwingine. Tangu mwaka ule sehemu kubwa ya kazi za hospitali imehama kutoka kwenye rejesta za karatasi kwenda kwenye kompyuta. Vituo vingi vya serikali nchini vinatumia mfumo wa GoTHOMIS kuandikisha wagonjwa, kutoza malipo na kufuatilia dawa, na madai ya bima hutegemea kumbukumbu hizo hizo. Daftari likifukuliwa kwenye kifusi bado linasomeka. Diski iliyopondwa na boriti haisomeki. Na si lazima ardhi itikisike. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, radi za Ziwa Victoria hupiga usiku kucha, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huweza kuiua seva ambayo jana yake ilikuwa nzima. Swali la haki kwa kila hospitali, kuanzia ile ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba hadi Rubya, Ndolage na Kagondo wilayani Muleba, ni hili: seva ikifa leo usiku, dirisha la mapokezi litafunguliwa saa ngapi kesho? Nashikilia kwamba jibu linategemea jambo dogo ambalo bajeti hazilitaji, yaani jinsi nafasi ya diski inavyogawanywa siku ya kutengeneza taswira ya mfumo.

Taswira ya mfumo ni nakala ya seva yote jinsi ilivyo: mfumo endeshi, programu, mipangilio ya mtandao, akaunti za watumiaji, viraka vya usalama, hata mpangilio wa patisheni. Asiye na taswira huanza upya. Atasakinisha mfumo endeshi, atatafuta toleo lile lile la hifadhidata, atakumbuka neno la siri lililowekwa na afisa TEHAMA aliyehamishwa miaka miwili iliyopita, na kazi hiyo huweza kula siku kadhaa. Mwenye taswira huirudisha kwenye mashine nyingine kwa saa chache. Ugumu uko kwenye ukubwa. Kuna programu zinazonakili diski kipande kwa kipande bila kuuliza kilichomo, hivyo diski ya terabaiti 1 huzaa taswira ya terabaiti 1 hata kama robo tatu yake ni tupu. Kuubana utupu huo nako hakusaidii sana, kwa sababu faili likifutwa huondolewa kwenye orodha tu huku maandishi yake yakibaki diskini, na programu huyanakili kama mali. Nyingine, kama Clonezilla, huusoma mfumo wa mafaili na kuchukua sehemu zinazotumika peke yake. Hata hizo zitabeba takataka nyingi zisipoelekezwa: mafaili ya muda, eneo la kubadilishana na kumbukumbu kuu, logi za miaka mitatu, visakinishi vilivyosahaulika kwenye folda ya kupakulia, na taswira ya mwezi uliopita iliyoachwa mle mle ndani.

Hilo la mwisho nalikazia, kwa kuwa ndilo lenye madhara ya papo hapo. Taswira ikitengenezwa juu ya diski ile ile inayonakiliwa, nafasi huliwa na kazi yenyewe. Diski ikijaa, hifadhidata hushindwa kuandika, na mfumo husimama. Kazi iliyokusudiwa kuwalinda wagonjwa ndiyo inayofunga dirisha la mapokezi. Mitego mingine ni ya kimya zaidi. Flashi au diski ya nje iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata ikiwa na mamia ya gigabaiti tupu. Programu ya nakala inayokuja na Windows Server, ikielekezwa kwenye folda ya mtandao, huweka nakala ya mwisho tu: kila mpya hufuta iliyotangulia, na ikikwama katikati, huenda usiku huo ukapita bila hata moja. Ikipewa diski yake maalumu hutunza matoleo kadhaa na kuyaondoa ya zamani nafasi inapopungua. Tofauti ya uteuzi mmoja kwenye skrini inaamua kama hospitali ina historia au ina kipande kimoja cha bahati.

Hoja yangu basi ni kwamba mfumo na kumbukumbu za wagonjwa zitenganishwe, na kila kimoja kipewe ratiba yake. Chukua seva ya mfano yenye gigabaiti 400 zilizotumika. Mfumo endeshi na programu huenda vikawa gigabaiti 40. Zinazobaki ni hifadhidata na picha za eksirei. Mfumo haubadiliki kila siku. Taswira yake ya gigabaiti 40, ikibanwa ikabaki kama 15, inatosha kutengenezwa kila baada ya mabadiliko makubwa au mara moja kwa mwezi. Kumbukumbu za wagonjwa hubadilika kila dakika, lakini nyongeza ya siku moja huenda isizidi megabaiti 500. Sasa weka namba hizo kwenye mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde. Gigabaiti 400 zitachukua zaidi ya siku 7 usiku na mchana. Gigabaiti 15 zitachukua chini ya saa 7, yaani usiku mmoja. Megabaiti 500 zitapita katika dakika 13 hivi. Kwa zahanati za visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza na Goziba, ambako diski inaweza kusafiri kwa boti, hesabu ni ile ile: kitu chembamba husafiri, kinene hukaa kikisubiri ajali. Programu huria ya Relax-and-Recover, inayotumika kwenye seva za Linux, imejengwa juu ya mgawanyo huu. Hutengeneza kiwashio kidogo cha uokoaji chenye ramani ya diski, na nakala ya mafaili hukaa mahali pake.

Wapo watakaosema diski siku hizi ni rahisi, inunuliwe kubwa na mjadala ufungwe. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Miongoni mwa vilivyoteketea ni hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi: terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya jengo lile, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Nchi ile haina uhaba wa diski. Kampuni zake ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu za kumbukumbu duniani. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua ni terabaiti zipi kati ya 858 ambazo serikali haiwezi kuamka bila hizo. Hospitali ya Muleba ikinunua diski mara nne ya iliyopo bila kufanya uamuzi huo, itaijaza, kwa sababu eksirei za kidijitali na hati zilizopigwa skani hazina mwisho, nazo nyingi zimekwishabanwa tayari, hivyo kubana upya hakuzipunguzi kwa kiasi cha maana.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mafundi wenyewe: taswira moja nzima ni rahisi kurudisha, ilhali ukigawa, usiku wa dharura unahitaji mtu anayejua kipi kitangulie kipi. Nalikubali hilo kwa sehemu. Kurudisha kwa hatua mbili kunadai maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, yakabandikwa mahali ambapo hata mtu wa zamu asiye fundi atayaona. Lakini taswira nzima ina udhaifu mkubwa kuliko urahisi wake. Kwa kuwa ni nzito hutengenezwa mara chache, na ikirudishwa hospitali hujikuta katika siku ile ilipotengenezwa, wiki sita nyuma, bila wagonjwa wote waliofika katikati. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika Wilaya ya Bukoba, kazi ya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa ilihitaji kujua nani alihudumiwa wapi na siku gani. Wiki sita za utupu kwenye kumbukumbu katika majira kama yale ni hatari kwa watu walio hai.

Wengine huogopa kufuta. Taswira za zamani zinarundikana kwa sababu huenda kosa likagundulika kwa kuchelewa na taswira ya juzi ikawa tayari imeharibika. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuacha nafasi kati ya zinazotunzwa: za siku saba zilizopita, za wiki nne, za miezi michache, nyingine zifutwe kwa ratiba. Nusu ya diski ya nakala ikibaki tupu baada ya ufutaji huo, isichukuliwe kuwa imepotea bure, maana toleo jipya lazima likamilike kabla la zamani halijaondolewa.

Kuhusu mahali pa kutunza, moto wa kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, tarehe 10 Machi 2021, uliwakuta baadhi ya wateja nakala zao ziko katika jengo lile lile lililoungua. Bukoba na Muleba zinatenganishwa na kilomita zipatazo 60 za lami. Hospitali mbili zilizo kwenye ncha za barabara hiyo zinaweza kutunziana diski, kwa mkataba, ilimradi zimesimbwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiachi taarifa za afya zisafiri wazi kwenye mkoba. Na kubana kutangulie kusimba, kwa sababu data iliyosimbwa haibaniki tena.

Kisha nakala ijaribiwe. Mwaka 2017 kampuni ya GitLab ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ikagundua kwamba nakala za kila siku zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa sababu ya matoleo ya programu yasiyolingana. Ilipoteza takriban saa 6 za data. Kompyuta moja ya akiba yenye diski isiyo ndogo kuliko ya seva inatosha kwa jaribio la kila robo mwaka, na diski hiyo ya majaribio iingizwe kwenye bajeti ya nafasi tangu mwanzo, pamoja na jina la cheo cha atakayesaini kwamba mfumo uliwaka na mgonjwa wa mwisho wa jana alionekana.