Gari la Watu Saba: Anza na Kiti cha Nyuma



Nyumba yetu hapa Kaloleni, mjini Kisumu, ina watu saba: mimi, mama watoto, mama yangu mzazi ambaye magoti yamemchoka, na watoto wanne. Kwa miaka mingi tulikuwa na gari dogo la viti vitano. Hesabu ya watu saba katika viti vitano tuliifanya kama wafanyavyo wengi: mama yangu akaketi mbele, mdogo wa mwisho akapakatwa na mamake, na binti yetu wa miaka kumi na mmoja akakaa ukingoni baina ya nduguze, bila mkanda.

Siku moja ya Idd tulikuwa tukirejea kutoka Mumias kuwazuru wakwe. Tulipokuwa tukiteremka kutoka Kiboswa kuja Kisumu, pikipiki ilitukatia njia, nami nikakanyaga breki kwa nguvu. Alhamdulillahi hatukugongana na mtu, lakini binti yule alirushwa mbele, paji la uso likagonga kiti. Alipata uvimbe tu, nao ukapoa baada ya siku chache. Kilichobaki ni swali la mama watoto usiku ule: "Baba watoto, kwa nini kila safari ni yeye anayekaa pale?" Sikuwa na jibu ila la aibu. Alikaa pale kwa sababu yeye halalamiki.

Sisi tunaofundisha darsani husimulia mara kwa mara kisa cha Bashir, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) amshuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nu'man. Alipoulizwa kama watoto wake wote wamepewa mfano wake, akajibu la. Mtume akakataa kuwa shahidi na akahimiza uadilifu baina ya watoto. Kisa hicho nilikifahamu katika mali na mirathi, wala sikuwahi kukipeleka kwenye viti vya gari. Tangu usiku ule nimekipeleka huko, na ndiyo maana naandika makala haya kwa familia zinazotafuta gari kubwa kama tulivyotafuta sisi.

Saba za karatasini na saba za kweli

Muuzaji akikwambia gari ni la watu saba, husema kweli kwa hesabu ya viti. Lakini safu ya tatu katika magari mengi imeundwa kwa watoto, na mtu mzima akikaa humo magoti humfika kifuani. Kwa hivyo usianze kulikagua gari kwa usukani. Anza na kiti cha nyuma kabisa. Keti humo wewe mwenyewe, funga mlango, ukae robo saa. Kisha utazame kama kila kiti kina mkanda wake unaopita begani na kiunoni, na kama mkanda huo unafunga.

Jambo la pili ni njia ya kukifikia kiti hicho. Toyota Wish, iliyopendwa sana nchini kwetu, ina milango ya kawaida, na anayekwenda nyuma ni lazima kiti cha kati kikunjwe kwanza. Aliyeketi hapo, akiwa ni bibi au mama mwenye mtoto mchanga, hana budi kushuka. Tena viti vyote vikisimamishwa, buti yake hubaki nafasi ya mikoba miwili mitatu. Hilo si gari la kwenda nalo arusini pamoja na masufuria ya pilau.

Toyota Sienta ni ndogo kwa umbo, injini yake ya sisi 1,500 haili petroli nyingi, na milango yake ya ubavuni huteleza. Safu yake ya tatu hukunjwa ikaingia chini ya safu ya kati, jambo linalofaa siku ya soko. Wenye watoto wadogo inawatosha. Wenye vijana warefu watasikia manung'uniko kabla ya kufika Ahero.

Toyota Noah na pacha wake Voxy, pamoja na Nissan Serena, ni magari marefu kwa kimo, na milango yao huteleza pande zote mbili. Mwanamke aliyevaa buibui hupanda bila ya kuikusanya nguo mikononi, na mtoto haufungui mlango ukampiga mpita njia. Hapa pana siri ndogo ambayo wauzaji hawaitaji. Noah ya viti nane ina benchi katika safu ya kati, na Noah ya viti saba ina viti viwili vilivyoachana, vyenye ujia baina yao. Kwa nyumba yenye mzee, saba hupita nane, kwa kuwa anayekwenda nyuma hupita katikati bila ya kumwinua mtu.

Rafiki yangu mmoja, Mungu amlipe kheri, alinishauri nitafute Prado kwa kuwa ndiyo gari la heshima. Tulikwenda kuiona. Mama yangu aliinua mguu mara mbili ukagoma, akasema, "Mwanangu, hili ni la kupandiwa ngazi." Shauri likaishia hapo.

Bei, ushuru na deni

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Wish iliacha kuundwa mwaka 2017, kwa hivyo anayeitaka huitafuta miongoni mwa zilizokwisha kutumika humu nchini. Ushuru wa bidhaa nao hutazama injini: isiyozidi sisi 1,500 hutozwa 20%, na inayozidi hapo hutozwa zaidi. Ndiyo sababu mojawapo ya Sienta kuwa nafuu kuliko Noah. Ninyi mlio Mombasa mnaziona yadi mlangoni penu. Sisi wa ziwani huongeza gharama ya kulileta gari zaidi ya kilomita 800, nayo iwekwe katika hesabu mapema.

Ama njia ya kulipa, mkopo wa riba haufai hata gari likiwa la lazima. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia. Katika murabaha benki hulinunua gari kwanza, likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana, pamoja na faida isiyoongezeka, ukalipa kidogo kidogo. Uliza vizuri, usitosheke na jina. Na ukikopeshwa na ndugu yako, andikeni. Aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, imekuja kwa ajili hiyo.

Sisi tuliuza gari dogo, tukatoa akiba iliyokuwa ya kupiga lipu vyumba vya nyuma, na mama watoto akaongeza zamu yake ya chama. Fedha yake tuliiandika kuwa ni deni langu kwake, kwa maana mali ya mke ni yake. Tukanunua Noah ya viti saba kwa mtu aliyekwisha kuitumia hapa Kenya.

Kabla ya kutoa fedha tulifanya mambo matatu. Kwanza, kwa njia ya eCitizen tulitazama gari limesajiliwa kwa jina la nani na kama limezuiliwa na mkopeshaji. Pili, fundi wetu alilipandisha mlima wa Riat likiwa na watu saba ndani, kwa kuwa gari tupu hujisifu kwenye tambarare. Tatu, tuliuliza habari za giaboksi. Magari mengi ya namna hii yana giaboksi ya CVT, inayotaka mafuta yake maalumu, na aliyeitilia mafuta yasiyofaa humwachia mnunuzi msiba.

Jambo la kutahadhari nalo ni tamaa. Mwenye Noah hushawishiwa kupakia abiria wa kulipa njiani apate petroli. Bima ya gari la binafsi haiwahusu abiria hao, na likitokea la kutokea, damu na madeni humrudia mwenye gari.

Sitawaficha: petroli inatuuma, na vyumba vya nyuma havijapigwa lipu hadi leo. Madrasa na sokoni tunakwenda kwa miguu, gari likangojea safari ya watu wote. Tumeweka zamu ya viti, na mama watoto ndiye mshika daftari. Safari ya kwanza tulimpa binti yule achague anapotaka. Akaenda moja kwa moja safu ya tatu, karibu na dirisha, akavuta mkanda, akaufunga mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini asikae mbele. Akasema, "Hapa ni pangu, Abba."

Basi, ndugu na dada zangu, kabla ya kwenda yadi, kaeni nyumbani mwulizane: katika safari zetu, ni nani asiyelalamika? Mpelekeni huyo akajaribu viti.

Wabillahi tawfiq.