Unapoomba kazi Marekani, andika kazi uliyoifanya

Kijana wetu aliyeko masomoni Marekani, akitafuta kazi yake ya kwanza, huanza na barua aliyofundishwa shuleni: anwani mbili, "YAH" kwa herufi kubwa, kisha "Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 24, nimezaliwa Moshi, sijaoa", na mwishoni matumaini kwamba ombi lake litakubaliwa. Akiihamishia kwenye Kiingereza, adabu yote hubaki, ila meneja anamaliza ukurasa bila kujua kijana huyu anaweza kumfanyia nini.

Kule umri, ndoa, dini na picha haviwekwi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na waajiri hawapendi kuletewa habari wasizoruhusiwa kuzitumia.

Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja unaojibu tangazo la kazi, na hapa ndipo vijana wetu wanapojipunja. Wanaona kazi walizofanya nyumbani ni ndogo mno, basi wanajaza "mchapakazi" na "mwaminifu", sifa ambazo kila mwombaji anajipa. Chukua mfano wa binti anayesoma uhasibu Ohio, aliyewahi kutunza hesabu za SACCOS ya walimu Kilimanjaro. Ameandika: "Nina uzoefu wa masuala ya fedha." Hajasema kitu. Aandike hivi: "Kwa mwaka mmoja nililinganisha marejesho ya mikopo yaliyoingia kwa simu na daftari la ushirika wa akiba na mikopo wa walimu, na kila mwisho wa mwezi nikampa mweka hazina orodha ya tofauti." Sasa anaonekana akiwa kazini, na meneja asiyewahi kuisikia SACCOS ameelewa. Kama tangazo linataka mtu wa usuluhishi wa hesabu za benki, sentensi hiyo ndiyo ifungue barua, kabla ya jina la chuo na alama za darasani.

Tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mema. Lakini kutaja ulichofanya kwa kipimo chake hakuna majigambo ndani yake.

Visa ndiyo inayowatia watu hofu zaidi. Wapo wanaoificha, wapo wanaoianzia barua kama wanaotubu. Sentensi moja karibu na mwisho inatosha. Mwenye visa ya F-1 anaweza kuomba OPT, yaani ruhusa ya miezi 12 ya kazi inayohusiana na masomo yake. Ruhusa hiyo anaiomba mwenyewe idara ya uhamiaji na ada analipa mwenyewe; mwajiri hahitaji kumdhamini. Mwambie mwajiri hivyo, maana huenda hajui. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24, ila hapo mwajiri lazima awe amejisajili kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi. Na fomu ikikuuliza kama utahitaji kudhaminiwa baadaye, sema kweli.

Kanuni za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo ihakiki sentensi hiyo ya visa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Barua nzima ipeleke ofisi ya ajira ya chuo. Kwa kawaida huduma yao hailipiwi. Tafadhali wapelekee wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, wapate muda wa kuisoma nawe upate muda wa kuiandika upya.